Bagasi: Tuichome au Tuipike Kwanza?

Tani moja ya miwa ikikamuliwa huacha karibu kilo 300 za bagasi, yale makapi mabichi ambayo nusu ya uzito wake bado ni maji. Sukari inayofika kwenye gunia ni kama theluthi ya hapo. Kuanzia Kilombero na Mtibwa hadi Muhoroni na Chemelil, bagasi huishia kwenye tanuri la boila: huchemsha maji, mvuke huendesha mitambo, na umeme ukizidi hutafutiwa mnunuzi. Wakemia wana wazo lingine. Wanasema makapi hayo bado yamebeba sukari karibu sawa na ile iliyokwenda kwenye gunia, ila imefungwa minyororo, na kwamba maji moto yenye shinikizo pamoja na kichocheo kinachofaa yanaweza kuifungua na kuigeuza malighafi ya plastiki, gundi, dawa na mafuta ya ndege.

Tumewaketisha watu wanne na mwenyekiti wao. Wasemaji ni wa kubuni. Hoja wanazozitoa na hesabu wanazozitaja si za kubuni.

Mwenyekiti: Ndugu zangu, karibuni. Hoja iliyo mbele yetu inasema: *bagasi ipikwe kabla ya kuchomwa*. Kanuni ya kikao ni moja: anayetaja faida ataje na gharama. Dokta, wewe ndiye mleta hoja. Anza.

Mkemia: Asante, Mwenyekiti. Mama, shikamoo.

Mama Mkulima: Marahaba, mwanangu. Sema, lakini usitupeleke maabara ukatuacha huko.

Mkemia: Nitawarudisha, Mama. Chukua kilo moja ya bagasi iliyokauka. Gramu 400 hivi ni selulosi, gramu 250 hivi ni hemiselulosi, gramu 200 hivi ni lignini, na zinazobaki ni majivu na vikorokoro vingine. Selulosi ni glukosi tupu, zimeunganishwa moja baada ya nyingine kwenye mnyororo mrefu, mgumu. Hemiselulosi ni mnyororo mfupi, una matawi, na sukari yake kubwa ni zailosi, yenye kaboni tano badala ya sita. Lignini si sukari. Ndiyo inayoupa mmea ugumu wake.

Sasa njoo kwenye maji. Maji ya sufuriani yakifika nyuzi 100 huchemka na kupotea hewani. Yafungie ndani ya chuma kinene, yapeleke nyuzi 200: yatabaki majimaji, lakini yatasukuma kuta kwa nguvu mara 15 ya hewa inayotuzunguka. Nyuzi 250, mara 40. Katika hali hiyo maji hubadilika tabia. Hujigawa yenyewe kuwa ayoni za asidi na za besi, kila moja zaidi ya mara 20 ya zilizomo katika maji ya kawaida, na huanza kuyeyusha vitu vya jamii ya mafuta ambavyo yakiwa baridi huvikataa. Kabla hujatia kichocheo chochote, maji hayo tayari yameanza kuikata ile minyororo.

Mama Mkulima: Na hicho kichocheo ndicho nini? Kila mtu hapa anakitaja kama tunafahamiana nacho.

Mkemia: Ni mshenga, Mama. Huwakutanisha wawili, na ndoa ikifungwa haolewi yeye. Anakwenda kupeleka posa nyumba nyingine. Chembe ya nikeli ikishaisaidia glukosi moja kupokea hidrojeni, huiacha na kushika inayofuata.

Mama Mkulima: Washenga nawajua. Wako wanaopeleka posa nyumba siyo. Na wako wanaozeeka, maneno yakawaisha.

Mkemia: Umeyataja maradhi mawili makubwa ya fani yetu kabla sijafungua mkoba. Nitayafikia.

Mhandisi: Kabla ya maradhi, tuonyeshe aliye mzima. Ni kitu gani kilichopikwa kwa njia hiyo kikafika dukani? Mimi nimechoka na vitu vinavyoishia kwenye jarida.

Mkemia: Ulipiga mswaki asubuhi? Geuza boksi la dawa ya meno usome viambato. Mara nyingi utakuta sobitoli. Hiyo ni glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji ya nyuzi kati ya 100 na 150, ikasukumiwa hidrojeni kwa shinikizo kubwa mbele ya nikeli. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Nobel mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi metali zilizosagwa laini zinavyoiunganisha hidrojeni na vitu vya kaboni. Sobitoli hiyohiyo ndiyo mlango wa vitamini C kwa njia aliyoianzisha Tadeus Reichstein mwaka 1933, ambamo bakteria hufanya hatua moja na kemia hufanya zilizobaki. Ukiipa hidrojeni zailosi badala ya glukosi unapata zailitoli, utamu wa chingamu zisizoozesha meno. Wafini waliiingiza viwandani miaka ya 1970, wakitumia miti yao ya birchi.

Mhasibu: Samahani, Dokta. Glukosi ya sobitoli hutoka kwenye wanga wa mahindi au muhogo. Ni safi. Haina mchanga, haina majivu, haina lignini. Usituuzie bagasi kwa sifa za wanga.

Mkemia: Hilo ni kweli, na liandikwe.

Mhandisi: Basi na mimi niulize la kawaida. Kwa nini tusichachushe tu? Ulanzi, mnazi, dengelua ya miwa: sisi ni mabingwa wa kuchachusha tangu enzi za mababu. Hamira ni bei poa na haihitaji chuma cha kuzuia shinikizo la mara 40.

Mkemia: Uchachushaji ni kazi nzuri, lakini una kodi yake. Hamira ikila kilo 180 za glukosi hutoa, ikijitahidi mno, kilo 92 za ethanoli. Kilo 88 zinapaa kama kaboni dayoksaidi. Theluthi ya kaboni uliyoilima imekwenda hewani kabla hujauza kitu. Glukosi hiyohiyo ikigawanywa kwa kichocheo kuwa asidi laktiki, kwa hesabu ya karatasi, kilo 180 hutoa kilo 180. Ikikatwa vipande na kupewa hidrojeni ikawa ethilini glaikoli, malighafi ya poliesta na ya chupa za maji, kilo 180 hutoa kilo 186. Na hayo si ya karatasi peke yake. Mwaka 2008 kundi la Zhang Tao huko Dalian, China, lilitia selulosi moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 245 pamoja na hidrojeni na kichocheo cha tangsteni na kaboni kilichoongezewa nikeli. Baada ya nusu saa, asilimia 61 ilikuwa imegeuka glaikoli.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa ethanoli hawapendi kulisema kwa sauti: hamira ya kawaida haili zailosi. Robo ya bagasi yenu haiwezi kuigusa.

Mhasibu: Umesema "kwa hesabu ya karatasi". Nilikuwa naingoja kauli hiyo. Mwenyekiti, mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nimekuja na daftari. Lina kurasa tatu.

Ukurasa wa kwanza ni Marekani. Mwaka 1922 kampuni ya Quaker Oats ilianza kutengeneza furfurali kwa wingi huko Cedar Rapids, Iowa, kutokana na maganda ya oti yaliyokuwa yakiisumbua. Furfurali ndiyo anachokuwa zailosi akinyang'anywa maji. Ilipata soko: gundi, kusafisha mafuta ya mitambo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikasaidia kutengeneza mpira wa viwandani. DuPont wakaitumia kutengenezea nailoni. Dokta atakwambia hiyo ni historia tukufu, na ni kweli. Lakini ilipofika mwaka 1961 DuPont waliiacha, kwa sababu malighafi ya petroli ilikuwa imeshuka bei. Maganda ya oti hayakubadilika, na kemia haikubadilika. Bei ya jirani ndiyo iliyobadilika.

Ukurasa wa pili ni Ujerumani. Kampuni ya UPM ya Ufini ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingejenga Leuna kiwanda cha kugeuza miti kuwa glaikoli, tani 220,000 za bidhaa kwa mwaka, kwa yuro milioni 550. Hao ni watu wenye misitu, mtaji, na reli mlangoni. Gharama ilipanda mpaka ikapita yuro bilioni moja, na tarehe ya kuanza ikasogezwa tena na tena.

Ukurasa wa tatu ni wa nyumbani. Kiwanda cha molasi cha Kisumu kilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kikakwama miaka ya 1980 mitambo ikiwa imeshaletwa, kikakaa kimya miaka mingi, kikafufuliwa baada ya mwaka 2000. Na pale ilikuwa ni kuchachusha tu, kazi ambayo Mhandisi ameiita rahisi.

Mwenyekiti: Dokta, kurasa tatu hizo. Unajibu?

Mkemia: Najibu kwa kurasa nyingine. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic ilivuka kutoka London hadi New York bila tone la mafuta ya taa ya petroli. Asilimia 12 ya mafuta yake yalitokana na sukari ya mimea, kwa njia ya kampuni ya Virent ya Madison, Wisconsin. Mzizi wake ni kazi ya Randy Cortright na James Dumesic wa chuo kikuu cha hapohapo: mwaka 2002 walionyesha kwamba glukosi kwenye maji ya nyuzi 230 hivi, ikipita juu ya platini, hutoa hidrojeni yenyewe. Mwezi Januari wa mwaka huo wa 2023, Emirates nao walirusha ndege kubwa kutoka Dubai, injini moja ikinywa mafuta ya namna hiyo.

Mhasibu: Safari za majaribio, Dokta. Ya London ilisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Kanuni ya Mwenyekiti inasema utaje gharama, nawe umetaja tarehe.

Mkemia: Haya, nitataja gharama, na nitaanza na ile inayotuaibisha. Nimekuja na vichupa vitatu. Mama, vishike.

Mama Mkulima: Hiki cha kwanza ni maji matupu.

Mkemia: Ni maji yenye glukosi, kabla ya kupikwa. Cha pili ni yaleyale baada ya dakika chache kwenye nyuzi 200. Fungua unuse.

Mama Mkulima: Kahawia. Kinanukia sukari iliyoungua.

Mkemia: Cha tatu kimekaa muda mrefu zaidi. Kitikise.

Mama Mkulima: Kuna unga mweusi unatua chini. Na kuta za kichupa zimeshika weusi, hautoki kwa kidole.

Mkemia: Unga huo unaitwa humini. Sukari ikipashwa moto ndani ya maji haiendi njia moja. Nyingine hugeuka kitu unachokitaka, na kitu hicho kikichelewa kutolewa hushikana na wenzake na sukari iliyobaki, kikawa lami isiyouzika wala kuyeyuka. Humini huziba mabomba na kufunika kichocheo. Mshenga anazeeka siku moja. Tena maji moto yenyewe ni adui wa vichocheo: zeolaiti nyingi, vichocheo vya madini yenye vinyweleo, ambazo katika viwanda vya mafuta hufanya kazi miaka, zikiwekwa kwenye maji ya nyuzi 200 huanza kubomoka kuta zake, na metali zake humumunyuka na kuondoka na maji.

Sababu ya haya yote imo ndani ya sukari. Petroli ina kaboni na hidrojeni, oksijeni karibu hakuna. Mkemia wa petroli kazi yake ni kuiongeza pale anapotaka. Glukosi uzito wake zaidi ya nusu, asilimia 53, ni oksijeni. Imejaa mikono ya kushikia, na kila mkono unataka kufanya jambo lake. Sisi kazi yetu ni kupunguza bila kuharibu, na hiyo ni ngumu zaidi.

Mhandisi: Leo umesema kweli ambayo wauza mitambo hawaniambii.

Mkemia: Lakini usinifunge mdomo hapo. Mwaka 2010 kundi la Mark Davis huko California lilipachika atomi za bati ndani ya vinyweleo vya zeolaiti. Kichocheo hicho kiliwekwa kwenye maji ya nyuzi 110 yenye glukosi asilimia 10. Nusu saa baadaye, katika kila sehemu 100 za sukari, 31 zilikuwa zimegeuka fruktosi, ambayo ni rahisi zaidi kuipika. Kazi hiyo hapo awali viwanda viliiachia kimeng'enya tu. Bati la kawaida likikutana na maji hukosa nguvu. Ndani ya vinyweleo vinavyoyafukuza maji, likafanya kazi. Kwa hiyo ugonjwa wa mshenga unatibika. Dawa ndiyo bado ghali.

Mhandisi: Sasa nisikilizwe mimi ninayeishi na boila. Mnaizungumzia bagasi kama taka. Kwangu si taka. Ndiyo mafuta yangu. Kiwanda cha TPC kule Moshi huliuzia shirika la umeme la TANESCO umeme wa bagasi. Kiwanda cha Mumias, kabla hakijaanguka, kilikuwa kikiingiza megawati 26 kwenye gridi ya Kenya. Nikimpa Dokta bagasi yangu, nani atanipa mvuke? Nitachoma mafuta mazito? Nitakata miti?

Na la pili. Kilo moja ya sukari kwenye mchanganyiko wa asilimia 10 inatembea na kilo tisa za maji. Kuyapasha moto ni gharama. Kuyatoa baadaye ili upate kitu chako ni gharama kubwa zaidi: kila kilo ya maji inayogeuzwa mvuke inadai kilojuli 2,257. Wanaosifu njia ya maji moto kwa kuwa maji hayana sumu wanasahau kwamba maji nayo ni mazito kuachana nayo.

Mwenyekiti: Dokta, hapo ndipo penye roho ya mjadala. Ukishindwa hapa, tufunge.

Mkemia: Sishindwi, ila nitapunguza madai yangu. Sitaki bagasi yote. Nataka ile sukari ya kaboni tano tu, hemiselulosi, ambayo hamira haiitaki na ambayo boila halifaidi sana. Linganisha kwa joto: kilo ya lignini ina joto karibu mara moja na nusu ya kilo ya hizo sukari. Nikiiondoa hemiselulosi nimeondoa sehemu dhaifu ya kuni zako. Selulosi na lignini nakurudishia uchome.

Na hapa siongelei ndoto. Shuka pwani ya KwaZulu-Natal, kusini mwa Durban, mpaka Sezela. Pale Illovo, ukoo uleule wa kibiashara wenye Kilombero, wamekuwa kwa miongo wakitoa furfurali kwenye bagasi iliyo ubavuni mwa kiwanda cha sukari. La Romana, Jamhuri ya Dominika, wanafanya kazi hiyohiyo kwa miwa. Pale Sezela bagasi huingia kwenye mnara, mvuke wa shinikizo la mara 10 hivi hupandishwa kutoka chini. Hawatii asidi kutoka nje. Hemiselulosi yenyewe imebeba vikundi vya asetili. Mvuke ukivipiga hutoka asidi asetiki, asidi ya siki, na hiyo ndiyo inayokata minyororo na kumnyang'anya zailosi maji yake. Kichocheo kimo ndani ya muwa. Hakinunuliwi, hakizeeki, na hakuna platini ya kuibiwa. Makapi yaliyobaki hurudi kwenye boila.

Mama Mkulima: Huyo mshenga wa ndani ya nyumba nimempenda. Sasa furfurali yenyewe unaitoaje kwenye maji? Mhandisi kasema ndipo penye gharama.

Mkemia: Hapa maumbile yametuhurumia kidogo. Mvuke unaotoka una furfurali asilimia chache tu. Ukiukoleza kwa kuukeneka, hufika mahali maji na furfurali vinachemka pamoja, chini kidogo ya nyuzi 98, furfurali ikiwa asilimia 35. Ukipoza, vinajitenga tabaka mbili ndani ya tangi. Furfurali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inakaa chini. Unafungua bomba la chini unaikinga. Ikitoka mpya haina rangi, inanukia lozi. Ikikaa hewani inageuka njano, kisha kahawia, kisha karibu nyeusi.

Mhandisi: Na inauma macho na mapafu, na inashika moto. Useme na hilo. Useme pia kwamba njia za kawaida hula tani 20 na zaidi za mvuke kwa tani moja ya furfurali, na kwamba mavuno ni karibu nusu ya yale ya karatasi. Na makapi yanayorudi kwangu yanarudi yamelowa. Bagasi iliyolowa kupita kiasi huzima moto. Nimeshasimama usiku mbele ya tanuri linalokohoa moshi mweupe, najua ninachosema.

Mkemia: Nakubali yote. Mvuke mwingi unaweza kupitishwa ukaendelea kutumika kwenye vikolezi vya juisi ya miwa baada ya furfurali kutolewa, ndiyo maana mnara huo hauna maana ukijengwa mbali na kiwanda cha sukari. Makapi yaliyolowa yanahitaji kukaushwa kwa joto la moshi unaotoka kwenye bomba la boila. Kiwanda chenye boila chakavu lisilobakisha mvuke kisiguse kazi hii. Nalisema wazi.

Mhasibu: Na soko? Furfurali nyingi duniani hutoka China, kwa magunzi ya mahindi. Wao wakishusha bei, sisi tunafunga. Matumizi yake makubwa ni kuigeuza pombe ya furfurili inayogandisha mchanga wa kalibu za kusubia vyuma. Karakana za kusubu Afrika Mashariki ni ngapi? Tutauza nje, kwa bei ya mwingine.

Mkemia: Kwa miaka ya mwanzo, ndiyo. Ndiyo maana nasema tuanze na kimoja, kidogo, ubavuni mwa kiwanda chenye mvuke wa ziada. Kuna matumizi ya karibu na sisi pia: Afrika Kusini wameiuza furfurali kama dawa ya minyoo fundo shambani. Mkulima wa nyanya anayajua madhara ya minyoo hiyo. Na watu watakaojifunza kuendesha mnara wa furfurali bila kuuziba ndio watakaoweza kesho kuendesha tangi la glaikoli. Huwezi kuajiri fundi wa nyuzi 245 kutoka hewani.

Mama Mkulima: Mwenyekiti, nimekaa kimya muda mrefu kwa umri wangu.

Mwenyekiti: Karibu, Mama. Kiti ni chako.

Mama Mkulima: Nimewasikia mkigombea bagasi: huyu anataka kuipika, huyu anataka kuichoma, huyu anaihesabu. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Muwa ninaulima mimi. Ukifika kiwandani unapimwa, ninalipwa kwa sukari iliyomo. Makapi yanabaki kule. Wakati yalikuwa kero ya kiwanda, sikusema. Yakawa umeme, umeme ukauzwa, na bado nalipwa kwa sukari. Sasa mnaniambia ndani ya yale makapi mna sukari nyingine karibu sawa na ile niliyolipwa. Basi mwaka wote nimekuwa nikipeleka magari mawili na kulipwa gari moja.

Mhasibu: Mama, kiwanda nacho kimeweka mtaji wa boila, na—

Mama Mkulima: Sijamaliza, baba. Sisemi kiwanda kisipate. Nasema Mauritius wakulima wanalipwa na kwa bagasi, si kwa sukari peke yake. Wamewezaje? Waliandika. Dokta, sayansi yako nimeielewa na vichupa vyako nimeviona. Lakini mkipata fedha kwenye mnara huo kabla ya kuandika fungu langu, mtaniambia ni fedha ya kichocheo, na kichocheo mmesema kimo ndani ya muwa. Muwa wa nani?

Mkemia: Sina jibu la kemia kwa hilo, Mama.

Mama Mkulima: Halihitaji kemia. Na jambo la pili: majani na vikonyo vya shambani msije mkavitaka navyo. Vile vinarudi ardhini. Mkivibeba, baada ya misimu michache mtakuja kuniuzia mbolea.

Mhandisi: Hapo Mama anasema kitu ambacho michoro ya wawekezaji huisahau. Wanahesabu kila jani kama mali ya bure.

Mwenyekiti: Muda umetubana. Nitauliza kila mmoja, hoja ibaki ilivyo au irekebishwe?

Mhasibu: Irekebishwe. Ikisema bagasi yote, napinga. Ikisema hemiselulosi tu, kiwanda kimoja, na mnunuzi aliyesaini kabla ya mtambo kuagizwa, naunga mkono. Hizi habari za glaikoli na mafuta ya ndege ziachwe kwa wenye mtaji wa kupoteza mpaka bei itulie.

Mkemia: Nakubali marekebisho, kwa shingo upande. Vichocheo vya bati na tangsteni viendelee vyuoni, vikijaribiwa kwa bagasi yetu yenye mchanga na majivu yake, si kwa glukosi safi ya chupani. Tukisubiri wengine wajaribu, watajaribu kwa birchi na kwa magunzi yao, na majibu yao hayatatufaa.

Mhandisi: Mimi sipigi kura ya ndiyo leo. Nionyesheni kwanza mizania ya mvuke ya kiwanda husika, msimu mzima, na siku za mvua zikiwemo. Ikibaki ziada, nitajenga mnara huo kwa mikono yangu. Isipobaki, msinilaumu kwa kulinda moto.

Mama Mkulima: Mimi nimeshasema. Mkataba kwanza.

Mwenyekiti: Basi hoja inasomeka hivi: bagasi ipikwe kabla ya kuchomwa pale tu ambapo boila lina mvuke wa kubakisha, ianze sukari ya kaboni tano, kwa asidi iliyomo ndani ya muwa wenyewe, selulosi na lignini zirudi tanurini mpaka vichocheo vyake vithibitike kwa bagasi ya kwetu, majani yabaki shambani, na fungu la mkulima liandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Wanaounga mkono ni watatu. Mhandisi hajapiga kura, na sababu yake iingizwe kwenye kumbukumbu kama ilivyo, kwa sababu yeye ndiye atakayeitwa usiku moto ukizimika.